Nasaha kwa Vijana Wanaojenga Chini ya Kirimara

Wajukuu zangu, mnajenga. Kuanzia Timau hadi Runyenjes, kupitia Nkubu, Chogoria na Chuka, kila nikipita naona msingi mpya: kokoto zimemwagwa kando ya njia, vyuma vimesimama vikisubiri zege, lori la mawe ya Ndarugu linahangaika kupanda mlima. Nawapongeza kwa moyo wangu wote. Kwamba watoto wa wakulima wa kahawa, majani chai na miraa wanajenga nyumba za mawe juu ya ardhi ya babu zao ni jambo ambalo baba zetu walifariki hawajaliona.

Lakini kuna neno nataka mlisikie mapema, kabla fundi hajapaua. Nyumba hailindwi na kuta zake. Inalindwa na udongo unaoizunguka na watu waliokubaliana kuutunza. Ninyi mnamaliza pesa zote kwenye kuta na geti, mnang'oa miti yote mliyoikuta, mnafunika ua mzima kwa kabro, na hamjakaa na ndugu zenu hata jioni moja mkazungumza nyumba hiyo itakuwa ya nani ninyi mkiondoka. Hilo ndilo linalonisumbua, na ndilo lililonifanya nikafuatilia habari za nyumba kubwa, za karibu na za mbali, nione zilizodumu zilidumu kwa nini.

Anzeni na ile iliyo upande wa pili wa mlima wetu Kirimara, yaani Mlima Kenya, nje kidogo ya Nanyuki. Wengi wenu mnaijua kama hoteli ya Mount Kenya Safari Club. Baadhi yenu mna jamaa walioajiriwa pale. Kabla ya kuwa hoteli ilikuwa nyumba ya watu wawili waliopendana. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanamke tajiri kutoka Marekani, Rhoda Lewisohn, na rubani Mfaransa, Gabriel Prud'homme, walijenga hapo makao yao wakayaita Mawingu. Mahali penyewe ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa ikweta unapita papo hapo. Nyumba iliwekwa itazame mlima: ukisimama kwenye baraza asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, uwanja wa nyasi unateremka mbele yako, kisha msitu, kisha vilele vya Batian na Nelion vyenye barafu. Kuitazamisha nyumba kwenye mlima si uvumbuzi wao. Majirani zetu Wakikuyu walikuwa wakielekeza milango huko tangu zamani.

Nyasi za bustani zile zinastahili kutazamwa kwa makini. Nyasi za viwanja vya walowezi katika miinuko yetu hazikuletwa na meli kutoka Ulaya. Ni nyasi za kwetu, zile zinazotambaa na kushika udongo, ambazo leo zimepandwa Australia, Afrika Kusini na Marekani na huko zinaitwa kwa jina la Wakikuyu. Mzungu alizikuta, akazikata fupi, akazimwagilia maji, na wageni wakasema amefanya maajabu. Ninyi mnazo bure kwenye ukingo wa shamba, mnazifukia chini ya kabro.

Sasa sikilizeni yaliyoipata nyumba ile. Vita Vikuu vya Pili vilikuja. Baada ya vita, Mawingu ikaingia mikononi mwa Abraham Block, Myahudi kutoka Lithuania aliyefika Kenya mwaka 1903 akaanza na kilimo kabla ya kuwa bwana wa mahoteli; akaifanya hoteli. Mwaka 1959 ikanunuliwa na mwigizaji wa filamu wa Marekani William Holden pamoja na wenzake wawili, Ray Ryan na Carl Hirschmann, ikawa klabu ya watu mashuhuri wa dunia. Hesabuni: katika miaka kama 20 tu, nyumba ilikuwa na wenyewe wa kwanza, wa pili na wa tatu. Baadaye ikapita kwa mfanyabiashara wa Saudia, Adnan Khashoggi, kisha makampuni ya hoteli yakapokezana. Penzi lililoijenga halikuishikilia.

Kilichobaki ni nini? Ni uwanja, miti, mtazamo wa mlima, na kazi moja ambayo Holden aliianzisha nje ya kuta. Mwaka 1967, yeye na mshirika wake Don Hunt walitenga ardhi ya jirani wakaanza ranchi ya wanyamapori. Holden alifariki 1981. Kazi haikufa naye. Mpaka leo pale panatunzwa na kuzalishwa bongo wa mlimani, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe ambaye katika misitu yetu amebaki kwa idadi ndogo ya kutisha. Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa katika bustani za wanyama za Marekani walirudishwa hapo, chini ya mlima wa mababu zao. Wenye vyumba walibadilika, lakini wenye kutunza ardhi waliendelea, na ndio walioipa nyumba ile sababu ya kuwepo.

Siwezi kuisifu Mawingu nikanyamazia upande wa pili. Upande ule wa Laikipia ulikuwa malisho ya Wamaasai mpaka mkataba wa 1911 ulipowahamishia kusini. Sheria ya ardhi ya 1915 ikaruhusu walowezi wapewe mashamba kwa mikataba ya miaka 999. Na mikono iliyochimba mashimo ya miti ile, iliyobeba maji na kupunguza maua, ilikuwa ya wanaume waliolazimishwa kutembea na kipande, kitambulisho cha wakoloni kilichoning'inia shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Historia inayosimuliwa wageni inataja mwenye nyumba, rubani, mwigizaji. Mtunza bustani hatajwi. Ukiingia katika nyumba yoyote nzuri, mjukuu wangu, uliza pia jina lake. Bila yeye pangekuwa kichaka.

Nikivuka bahari, nyumba inayonifundisha kuliko zote iko Ufaransa, kama kilomita 55 kusini-mashariki mwa Paris. Inaitwa Vaux-le-Vicomte. Mwenyewe alikuwa Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za mfalme Louis wa Kumi na Nne. Aliunganisha mafundi watatu: Louis Le Vau achore nyumba, Charles Le Brun apambe ndani, na André Le Nôtre, mtoto wa ukoo wa watunza bustani wa mfalme, apange ardhi. Vijiji vilibomolewa ili bustani ipate nafasi. Mto ukageuzwa kuwa mfereji ulionyooka wenye urefu wa karibu kilomita moja. Le Nôtre alipima macho ya binadamu: madimbwi ya mbali aliyafanya makubwa kuliko ya karibu, ili mtu akisimama kwenye ngazi aone bustani fupi kuliko ilivyo, kisha akianza kutembea agundue ngazi na mifereji ambayo hakuiona.

Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimkaribisha mfalme. Kulikuwa na chakula, fataki, na mchezo mpya wa kuigiza wa Molière uliochezwa kwa mara ya kwanza bustanini. Mfalme alikuwa kijana wa miaka 22, na alipotazama akaona nyumba ya mtumishi inaishinda yake. Kulikuwa na hasidi aliyekwisha kumjaza maneno kwamba mali ile imeibwa hazina. Tarehe 5 Septemba, hazijatimia wiki tatu, Fouquet alikamatwa. Hakuiona tena nyumba yake. Alifia gerezani Pignerol mwaka 1680. Mfalme alichukua mazulia ya ukutani, masanamu, hata michungwa iliyopandwa kwenye makasha. Akawachukua na wale mafundi watatu, akawapeleka kumjengea Versailles.

Wengi husimulia habari hii wakaishia hapo, wakaifanya onyo kwa wenye kujionyesha. Onyo hilo mlichukue, hasa wale wenu mlio na kazi za serikali na mnajenga nyumba ambazo mshahara hauwezi kuzieleza. Lakini mimi navutiwa na sehemu inayofuata. Mkewe alirudishiwa nyumba baada ya miaka. Ikapita kwa jemadari mmoja, ikapita kwa ukoo wa makabaila, na kufikia karne ya 19 ilikuwa imetelekezwa. Ile mistari ya Le Nôtre ilikuwa imefunikwa na magugu. Mwaka 1875 iliwekwa mnadani, akainunua Alfred Sommier, mtu wa viwanda vya sukari. Hakuwa na damu ya Fouquet hata tone. Alitumia maisha yake na mali yake kuifufua, na bustani iliweza kufufuliwa kwa sababu umbo lake lilikuwa bado limo ardhini na michoro ya zamani ilikuwa imehifadhiwa. Kizazi chake kikaendelea, na mwaka 1968 kikaifungua kwa watu wote, ili kiingilio cha wageni kilipe gharama za kuitunza. Nyumba ya yule aliyeifurahia usiku mmoja inakaribia miaka 400. Haikuokolewa na utajiri wa aliyeijenga, bali na waliotunza michoro na waliokubali kupalilia.

Mtaniambia hizo ni habari za Wazungu na mabilioni yao. Haya, turudi nyumbani.

Nendeni Runyenjes, Embu. Simulizi ya Waembu inasema kabila lilianzia kwa Mwenendega, na mahali anaposemekana kuishi pangali panaonyeshwa. Hakuna ukuta pale wala paa. Kuna kichaka cha miti mikubwa ambayo wazee walikataza isikatwe, na kwa sababu ya katazo hilo, boma la kwanza la Embu bado lina anwani. Nyumba za udongo na nyasi zilioza zamani sana. Miti ndiyo iliyohifadhi hati.

Au pandeni Igembe na Tigania, kwenye safu za Nyambene, mkaone mashamba ya miraa ya mbaine. Siwashauri mtafune, na mwenye kuniuliza nitamwambia yangu faraghani. Nazungumzia miti yenyewe. Mbaine ni miti mikongwe, imerithiwa kutoka kwa watu waliokwisha kuwa majina tu katika ukoo. Shina ni nene, limejipinda, lina magamba ya kijivu; matawi yamelegezwa kwa vizazi vya kupogoa mpaka kijana anapanda kwa miguu mitupu na kuchuma chipukizi bila kuvunja kitu. Hakuna aliyeichora kwenye karatasi. Kila mrithi alikata kidogo tu, akifuata mkato wa aliyemtangulia. Chipukizi zake huuzwa ghali kuliko za miti michanga, na kifungu cha miraa ndicho kinachotangulia nyumbani kwa msichana wakati wa posa. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, wanailinda. Uholanzi ilipopiga marufuku miraa mwaka 2013, na Uingereza ikafuata 2014, bei ilianguka na wengi wakalia. Mbaine ilikuwepo kabla ya soko la London na ikabaki baada yake. Ndiyo bustani rasmi ya Wameru, wajukuu zangu, na ina nidhamu isiyopungua ile ya Le Nôtre.

Mjini Meru nako mna makumbusho. Jengo lake la mawe lilijengwa mwaka 1916 kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, na tangu 1974 ni makumbusho. Watoto wa shule wakiingia hutazama wanyama waliokaushwa, wakakimbia nje. Nawaomba ninyi watu wazima mwende nyuma, kwenye boma la kienyeji na bustani ya mitishamba. Simameni hapo muone jinsi mababu zetu walivyopanga ua: kila nyumba mahali pake, ghala mahali pake, mifugo mahali pake, na dawa imeota hatua chache kutoka mlangoni. Ofisi iliyotoa amri za kodi sasa inatunza boma la waliotozwa. Huo ni ushindi mkubwa kuliko kubomoa.

Sasa niwaambie la kufanya, kwa sababu sikuyasema haya ili myasikilize tu.

Jambo la kwanza si la jembe, ni la karatasi. Tangu mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ule wa Swynnerton wa 1954, mashamba yetu yalipimwa na watu wakapewa hati. Lakini hati nyingi zinasomeka bado jina la babu aliyezikwa zamani, na wajukuu 15 wamejigawia kwa kuweka mawe ya mpaka. Juu ya ardhi ya namna hiyo mnajenga nyumba ya mamilioni! Mzee akifariki, anayebaki na nyumba si aliyeijenga, ni aliye na wakili. Kafanyeni mirathi mahakamani kabla hamjachimba msingi. Na msiwaache dada zenu nje. Sheria ya Urithi imetumika tangu 1981 na haimbagui binti. Katiba ya 2010 imetia muhuri. Nimeona maboma ambayo kaka wanne waligombana mpaka paa likaingia mvua, na aliyekuja kufyeka ua, akaomba ndugu waketi, alikuwa binti aliyeolewa Mbeere. Mhesabuni mapema.

Pili, miti kabla ya geti. Pandeni muuru. Ni mti wetu, asili yake ni misitu ya mlima huu, na mbao zake zilipendwa mno hata sasa unahesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini. Pandeni muringa, ambao nyuki wanaupenda na kahawa haiugombi. Pandeni mwiria, na msiuchune gome lote kwa tamaa ya dawa, utakufa. Mugumo uacheni mbali na ukuta. Mizizi yake itaingia chini ya msingi. Mkaratusi msiuweke karibu na kijito, hata mkiambiwa unakua haraka. Unakua haraka kwa kuyanywa maji ya jirani.

Na ua, ushoneni kwa kayaba. Najua siku hizi mnapenda ukuta wa mawe wenye nyaya za umeme juu. Kayaba ilitoka kusini mwa Afrika, ikaletwa na walowezi, lakini sasa ni ya kwetu kama mahindi. Huwezi kuipanda ukaisahau. Miche huwekwa karibu karibu, mche na mwenziwe, wakati wa mvua. Mwaka wa kwanza unaikata fupi kwa ukatili, ukiuhurumia mti huu unajidanganya, maana kukatwa huko ndiko kunakoufanya utoe matawi ya chini. Miiba yake ni mirefu kama kidole na haisamehi. Vaa glavu na ukate chipukizi zingali laini, mvua inapokaribia kuisha. Ukiiacha misimu miwili bila kuigusa, inapanda juu ikawa miti, chini inabaki mashimo ambayo mbuzi wa kila mtu anapita. Basi ukitaka kujua kama nyumba ina watu wanaopatana, usitazame rangi ya bati. Tazama ua wa kayaba kwa chini.

Tatu, andikeni. Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu, liwekwe ndani ya kabati, si kwenye simu. Andikeni mwaka ambao msingi ulichimbwa, fundi alikuwa nani, mawe yalitoka wapi, mabomba ya maji yanapita wapi chini ya ua, kila mti ulipandwa na nani, na vijana walioajiriwa kubeba mchanga waliitwa nani. Majina yote mawili. Nimewaeleza jinsi mtunza bustani wa Mawingu asivyotajwa. Msirudie kosa lile katika nyumba zenu wenyewe. Na kabla ya hayo, katika ukurasa wa kwanza kabisa, andikeni ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla yenu, na bibi yenu alilima nini hapo. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, maboma yetu yalichomwa, watu wakasukumwa vijijini, na pamoja na paa iliungua kumbukumbu nyingi ya nani alikaa wapi. Waliobaki na kumbukumbu hiyo ni wazee wachache sana. Waendeeni wakiwa wangali na sauti.

Nyumba kubwa mnazozijenga sasa, nyingi mtalala ndani yake Krismasi na matanga tu. Mwaka mzima mtakuwa Nairobi, Qatar, Marekani. Kwa hiyo kuna mtu mtamwachia funguo. Mlipeni vizuri, na kwa wakati. Mmuulize anachokijua kuhusu udongo ule, kwa sababu baada ya miaka mitano atakuwa anaujua kuliko ninyi. Akitaka sehemu ya kupanda sukuma wiki na mitishamba yake, mpeni.

Mvua za mwezi wa kumi ndizo za kutegemewa upande wetu huu wa mlima. Msizisubiri zikute hamjajiandaa. Chimbeni mashimo mwezi wa tisa, mchanganye mbolea ya ng'ombe, mwende kwenye kitalu mkachukue miche ya muuru na muringa, na siku ya kupanda muwaite ndugu zenu wote, wa kiume na wa kike, waje na watoto wao. Siku hiyo hiyo, mkiwa pamoja na mikono imejaa udongo, zungumzeni habari ya hati.